Dufie Hanywi Maji

Marehemu Yaw Ntim alikuwa akienda kudai pesa anarudi na viazi vikuu. Alitoka asubuhi na daftari kwapani, uso ameukaza kama mtu aliyekwisha amua, na jioni mkewe Dufie alimwona akikunja kona ya kwa muuza mkaa, viazi viwili begani, au mkungu wa ndizi, na siku moja jogoo mzima. Pesa hakuna.

"Walinikaribisha vizuri mno," alikuwa akisema, huku akivua viatu. "Ningeanzaje?"

Naye Dufie alimwelewa, ingawa alinuna. Mampong yote inajua kwamba mgeni akiingia kwa mtu hasemi lililomleta. Atapewa kiti kwanza. Ataletewa maji. Akishayanywa na kurudisha glasi, ndipo mwenye nyumba atakapomwambia, "Haya, sisi huku salama. Wewe umekuja na lipi?" Basi mdai naye ni mgeni kama wageni wengine. Atakaa, atakunywa, na ukishakunywa maji ya mtu sauti inashuka yenyewe. Ntim alikuwa na sauti ndogo tangu mwanzo.

Alipofariki, aliacha duka la fundi bomba karibu na kituo cha magari, fundi mmoja mtulivu aitwaye Issaka, na madaftari manne ya madeni. Watoto wao wawili walikuwa wamekwisha kuolewa na kuoa mbali. Dufie akafungua daftari la tano, la shule, lenye mistari, akaendelea pale mumewe alipoishia. Aliandika kwa herufi kubwa na za polepole, kwa sababu kuandika alijifunza ukubwani. Pembeni ya kila jina aliandika na sababu aliyopewa, ili asipewe ileile mara mbili.

Sababu zilikuwepo za kila namna. Kulikuwa na bwana mmoja ambaye kila Dufie akienda alikuwa matangani. Dufie alihesabu, akaona yule bwana amezika shangazi watano, na watatu wana jina moja. Kulikuwa na mama muuza vitambaa aliyejificha chooni. Choo chenyewe alikifunga Issaka, na pesa ya choo ndiyo hiyohiyo iliyodaiwa. Dufie alikaa sebuleni akanywa maji yake taratibu, mpaka akamsikia yule mama akivuta maji ya choo kwa kujisahau.

"Angalau kinafanya kazi vizuri," Dufie alimwambia Issaka, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikilia meza.

Lakini mwaka huo, ilipofika mwezi wa kumi, vicheko vilikuwa vimeadimika. Issaka alikuwa hajalipwa mshahara wa miezi miwili. Dufie akimwomba radhi alijibu, "Usijali, Mama, mke wangu ameuza karanga, chakula kipo." Dufie alijua kwamba karanga za mke wa Issaka zilioza shambani kwa mvua. Aliona pia kwamba Issaka siku hizi anakuja kazini kwa miguu, na kwamba mchana, wakati wa kula, anajipa kazi ya kupanga viungo vya mabomba rafuni, viungo alivyokwisha vipanga jana. Siku hizo Dufie alipika fufu nyingi kuliko haja yake, akalalamika kwa sauti kwamba itamwagwa, na Issaka akamsaidia kuimaliza. Walisaidiana namna hiyo, kila mmoja akijifanya haoni.

Ndipo ikaja kazi ya hosteli ya kanisa. Vyumba ishirini na vinne, mabafu manane. Wazee wa kanisa walimpa Dufie kazi ile kwa sababu ya jina la Ntim, lakini walisema malipo ya kwanza yatatoka wakishayaona mabomba ukutani. Kazi ianze Jumatatu. Dufie akaenda kwa Pokuaa, mwanamke anayeuza mabomba sokoni.

"Dada Dufie, karibu," Pokuaa alisema bila kuinuka. "Leo umekuja kunilipa, au umekuja kunionyesha sura?"

"Nimekuja kuomba mabomba ya hosteli."

"Mabomba ninayo. Pesa yangu unayo?"

Dufie akacheka kidogo, kicheko cha aibu. Pokuaa akalivuta lile daftari la tano kutoka mkononi mwake, akalifunua, akapiga mluzi.

"Ee! Madeni haya yangekuwa mabomba, leo tungefikisha maji jangwani." Kisha akalifunga, na sauti yake ikalainika. "Sikiliza. Mume wako alinunua kwangu miaka kumi na tisa, na alipokufa nililia. Lakini nami kuna mtu Kumasi ananidai. Niletee sedi elfu tatu kabla sijafunga duka Jumamosi, halafu mzigo wote wa hosteli uchukue, pesa iliyobaki nitakungoja. Usipoleta siwezi. Na usikawie, maana kuna fundi wa Kumasi ameshaulizia kazi hiyohiyo."

"Elfu tatu nitaitoa wapi kwa siku tatu?"

"Kwa unaowadai! Si daftari zima limejaa?" Pokuaa alimnyooshea kidole. "Shida yako ni maji. Unakwenda kudai, unakaa, unakunywa, unaulizwa habari za watoto. Mimi nikienda kudai nasimama. Sikai. Sinywi. Mwenye nyumba akisema tukuletee maji, mimi nasema lete pesa. Jaribu mara moja tu, utaniambia."

Dufie alirudi dukani, akapitia daftari jina kwa jina. Wenye madeni makubwa walikuwa mbali, au walikuwa wamezika shangazi. Aliyebaki, wa karibu na wa hakika, alikuwa Mwalimu Gyebi. Sedi elfu mbili na mia tisa, tangu mwezi wa pili. Pembeni mwa jina lake hakukuwa na sababu hata moja, kwa maana Mwalimu hakuwahi kumdanganya. Alisema tangu siku ya kwanza, "Mwanangu, nasubiri malimbikizo ya pensheni yangu. Yakitoka, wewe ndiye wa kwanza." Miezi minane ikapita, na malimbikizo hayajatoka.

Ingekuwa mtu mwingine, pasingekuwa na la kufikiri. Lakini huyu ndiye aliyemfundisha Dufie kuandika. Dufie alikuwa tayari na watoto wawili wakati kanisa lilipoanzisha darasa la watu wazima, na vidole vyake vilikuwa vigumu kwa kazi ya shamba. Mwalimu Gyebi alimshika mkono akauongoza pamoja na chaki, D kubwa, tumbo la D, na alipokosea mara kumi hakucheka hata mara moja. Na Ntim alipokufa, Mwalimu alikaa siku mbili kwenye meza ya rambirambi, akiwaandikia waombolezaji risiti za michango yao kwa mwandiko wake mzuri, na alipopewa bahasha ya ahsante aliirudisha mezani na kuiandikia risiti.

Na mabomba aliyodaiwa Mwalimu aliyaweka kwa ajili ya mkewe, Birago. Miguu ya Birago ilikuwa imevimba na kukaza, na kwa miaka mitatu alishindwa kwenda kisimani wala kubeba ndoo. Maji waliletewa na majirani. Wageni walipokuja, Mwalimu mwenyewe alichota mtungini akawapa, na Birago alikaa kwenye kiti chake akitazama. "Nimekuwa mgeni kwenye nyumba yangu," alimwambia Dufie siku walipokuja kupima ukuta. Ndipo Mwalimu akaagiza tangi, bomba la jikoni, na bomba moja la nje. Issaka aliyafunga yote vizuri. Lakini bomba kubwa la mtaa lilikuwa bado halijafika upande ule, kwa hiyo miezi yote hiyo koki za Birago ziling'aa tu, kavu. Kila wiki alizifuta vumbi.

Mara tano Dufie alikwenda kwao, na mara tano akapewa maji ya mtungini, akarudi na viazi vikuu.

Jumamosi asubuhi alivaa gauni lake la kazini na viatu vilivyofungwa kamba, viatu visivyovuliwa upesi. Issaka alikuwa akifagia mbele ya duka.

"Mama unakwenda wapi mapema hivi?"

"Kwa Mwalimu Gyebi."

Issaka alisimamisha ufagio. "Kwa Mwalimu... labda ungesubiri mchana, Mama."

"Kwa nini nisubiri?"

"Hapana. Mimi nasema tu." Akatazama chini, akaanza tena kufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Dufie alidhani anamwonea mzee huruma. Naye alikuwa anamwonea huruma Issaka. Akaondoka, na njia nzima akawa anayarudia maneno yake mdomoni, maana alijua akifika bila kuwa ameyashika yatamponyoka.

Alipoingia lango la Mwalimu, alikuta viti vya plastiki vimepangwa uani. Watu kama kumi na wawili wamekaa: majirani, katekista, wanawake wawili wa kwaya, na katikati yao Nana Opong, mzee wa ukoo wa kina Birago, kitambaa chake begani. Pembeni kulikuwa na kreti mbili za soda. Mezani kulikuwa na sinia la viazi vikuu vilivyopondwa kwa mafuta ya mawese, vikang'aa kwa rangi ya chungwa, na juu yake mayai ya kuchemsha yamepangwa kama kwa siku ya furaha.

Dufie aliyahesabu mayai bila kutaka. Kumi na sita. Akamwona moyoni Issaka akipanga viungo rafuni wakati wa kula.

"Dufie!" Mwalimu Gyebi aliinuka, uso wote unacheka, mikono ameifungua. "Umekuja mwenyewe! Hivi sasa nilikuwa namtuma mtu akakuite. Kaa, mwanangu, kaa hapa mbele. Birago! Birago, amefika!"

Ndani, kiti kilikwaruza sakafu, na mkongojo ukaanza kugonga, taratibu.

"Sikai, Mwalimu," Dufie alisema.

"Kaa kwanza, maji yanakuja."

"Maji sinywi." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, na ilipokwisha kutoka hakuweza kuipunguza. "Miezi minane ninakunywa maji ya nyumba hii. Leo sikuja kunywa maji. Nimekuja kuchukua pesa yangu."

Mwanakwaya mmoja aliyekuwa anafungua soda aliacha kifuniko nusu. Nana Opong hakumtazama Dufie. Alitazama kichwa cha fimbo yake, kama mtu aliyesikia mtoto wa watu akitukana na hataki kumjua ni wa nani.

Mwalimu hakukasirika. Mikono yake iliyokuwa wazi ilishuka kidogo kidogo mpaka ikafika ubavuni. "Sawa, mwanangu," alisema. "Una haki." Akaingia chumbani, na hakukawia hata kidogo. Alirudi na bahasha nyeupe, akampa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama anavyompa mtu mkubwa.

Bahasha ilikuwa imekwisha kuandikwa, wino umekauka. *Kwa Afua Dufie, fundi wetu.* Ile D ilikuwa na tumbo lilelile la ubaoni.

"Ilitoka Jumatano," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Mna elfu tatu. Mia moja ni ya Issaka."

Wakati huo mkongojo ukaacha kugonga. Dufie akainua macho. Birago alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Amevaa nguo yake nyeupe ya kanisani. Mkono mmoja umeshika mkongojo, na mwingine umebeba sinia dogo, na juu ya sinia glasi moja, imefunikwa kwa kitambaa kilichofumwa. Glasi ilikuwa inatoka jasho la baridi. Nyuma yake, juu ya sinki, koki ilikuwa imelowa, na tone moja lilikuwa linaning'inia mdomoni mwake.

Ndipo Dufie alipoelewa viti, na mayai, na Issaka na ufagio wake.

Kati yake na Birago palikuwa na hatua nne. Baadaye alikuja kuzihesabu mara nyingi sana hatua hizo. Angeweza kwenda. Angeweza kupiga magoti palepale, akasema ulimi wangu umeteleza, nipe, nipe niyanywe. Lakini miguu haikwenda, na mkono ulikuwa umeshika bahasha.

Nana Opong alisema, bila ukali wowote, "Rudi ukakae, Birago. Mama amesema hanywi. Sote tumesikia."

Birago alimtazama Dufie. Hakuwa na hasira usoni. Alitazama kama mtu aliyemwita rafiki yake njiani kwa furaha, na huyo alipogeuka akawa mtu mwingine. Kisha akageuka. Kugeuka kulimchukua muda, kwa sababu ya miguu, na glasi ikatikisika, na maji yakamwagika juu ya sinia, na watu wote walisubiri mpaka alipomaliza.

"Ahsante," Dufie alisema, sijui kwa nani, akatoka.

Kabla ya adhuhuri alikwisha kumlipa Pokuaa. Ile mia ya Issaka aliiweka kando, na mia iliyopungua akaitoa kwenye kibweta cha dukani.

"Ulisimama?" Pokuaa aliuliza, macho yanamwaka.

"Nilisimama."

"Hukunywa?"

"Sikunywa."

"Eheee! Mwanamke ndiye huyu!" Pokuaa akapiga makofi, akawaita wenzake wa vibanda vya jirani waje wasikie. Dufie hakucheka. Alihesabu mabomba, akatia sahihi, akaenda.

Dukani alimpa Issaka noti yake ya mia. Issaka aliishika, akaelewa ilikotoka, akakaa juu ya ndoo.

"Mimi ndiye niliyefungua koki jana alasiri," alisema. "Bomba la mtaa lilifika Alhamisi. Mwalimu aliniapisha nisikwambie. Walitaka wakuite wakushukuru mbele ya watu."

"Maji yalikuwa yanatoka tangu jana?"

"Tangu jana. Lakini hakuna aliyeyanywa, Mama. Hata mimi walinipa soda. Mama Birago aliosha vyombo kwa maji ya jirani. Alisema glasi ya kwanza ni ya Dufie, na ataileta yeye mwenyewe kwa mkono wake. Alifanya mazoezi. Kutoka kwenye sinki mpaka mlangoni, na sinia tupu. Nilimwona." Issaka alijifuta uso. "Ningekwambia asubuhi. Niliogopa kiapo."

"Si kosa lako," Dufie alisema. Akaenda nyuma ya rafu, akapanga viungo vilivyokwisha kupangwa.

Wiki mbili alitafuta namna ya kurudi. Jambo la aina ile mtu haendi kuliomba mwenyewe. Anatafuta mtu mzima wa kumsemea. Alimwendea Bi Sapomaa, mwanamke mzee kuliko wote katika kanisa lao, akanunua trei ya mayai thelathini, wakaenda wote wawili Jumapili mchana. Safari hii Dufie alivaa kandambili, na alizivua langoni.

Bi Sapomaa alizungumza vizuri. Alisema mtoto huyu alikuwa na mzigo kichwani, na mwenye mzigo haoni vizuri anapokanyaga. Alisema anaomba kwa niaba yake.

"Yamekwisha," Mwalimu alisema hata kabla hajamaliza. "Tena mwenye kosa ni mimi. Nilimchelewesha mwanamke mjane miezi minane. Sina haki ya kununa."

"Yamekwisha, mwanangu," Birago naye alisema kutoka kwenye kiti chake, na akayapokea mayai. Alisema kweli. Dufie alimjua Birago. Hakuwa mtu wa kusamehe kwa mdomo tu.

Kisha Birago akainuka na mkongojo wake, akaenda jikoni. Dufie alisikia koki ikifunguliwa, na moyo ukamdunda kama wa msichana. Birago akarudi na sinia. Juu yake palikuwa na glasi moja ya maji na chupa moja ya soda, imekwisha funguliwa, na mrija ndani yake. Glasi akampa Bi Sapomaa.

"Wewe najua maji hunywi," akamwambia Dufie kwa upole, na kumkabidhi soda. Hapakuwa na kejeli hata chembe. Alikuwa amelikumbuka kama mwenyeji mwema anavyokumbuka kwamba mgeni fulani hali samaki.

Dufie alitaka kuomba maji. Lakini akaipokea ile chupa. Neno lilikuwa limesemwa mbele ya mzee wa ukoo na katekista. Kulirudisha sasa kungekuwa kumwambia Birago kwamba siku ile alirudishwa na glasi yake bure. Akainywa ile soda mpaka mwisho. Ilikuwa tamu kama dawa ya mtoto.

Hosteli ikaisha vizuri. Issaka akalipwa miezi yake yote, na tangu hapo mshahara haukupita mwisho wa mwezi. Dufie akanunua pikipiki ya magurudumu matatu, iliyotumika lakini nzima. Na habari zake zikasambaa, Pokuaa akiwa mbele katika kuzisambaza. Dufie yule? Hanywi maji. Hata Mwalimu Gyebi alimdai akiwa wima, mbele ya Nana Opong! Mwenye shangazi wengi alilipa yote siku moja, akampelekea dukani mwenyewe. Mama wa vitambaa alimkabidhi pesa langoni kabla hajabisha hodi, amezihesabu na kuzifunga mpira.

"Zihesabu, Mama."

"Nakuamini."

"Hapana, zihesabu, usije ukarudi."

Ikawa ndivyo. Popote alipokwenda, hata kwa kazi tu, hata kupima ukuta, watu walitoka nje kumpokea wakiwa wima. Walimheshimu. Kiti hakikuletwa. Hakuna aliyemuuliza watoto wako hawajambo. Daftari la tano lilikuwa na kurasa nyingi nyeupe, na jioni alifunga duka mapema, akapita kona ya kwa muuza mkaa hana kitu begani. Alimkumbuka Ntim. Alikumbuka kwamba siku ya maziko yake karibu majina yote ya madaftari manne yalikuja. Wengine walichimba. Wengine walipika siku tatu. Wakati ule Dufie aliwatazama kwa uchungu, akisema moyoni, mngelipa tu.

Mwezi wa kwanza, upepo mkavu ulipokuwa umeleta vumbi mpaka ndani ya masanduku, Mwalimu alipiga simu. Bomba la nje linavuja. Ingekuwa kazi ya Issaka peke yake, lakini Dufie alisema nitakwenda naye. Walibadilisha mpira wa koki na kukaza nati. Haikuwa hata nusu saa. Birago akamwita Issaka barazani. Dufie alimsikia akipewa kiti. Alisikia glasi, kisha kimya cha mtu anayekunywa, kisha Birago, "Haya, sisi huku salama. Mke wako na karanga zake hawajambo?" Issaka akacheka.

Dufie alibaki uani akikusanya spana. Hakuna aliyemsahau, ilijulikana tu kwamba yeye hahitaji. Midomo ilikuwa imempasuka kwa vumbi. Akafungua lile bomba kama anayelijaribu, akakinga kiganja, akainama, akanywa. Akakinga tena. Maji yalikuwa ya baridi na yalikuwa na ladha kidogo ya bomba jipya. Alipoinuka, kidevu kinachuruzika, alimwona Birago kwenye dirisha la jikoni.

Dufie akajifuta kwa kanga, akachukua mfuko wake.

Mwezi uliofuata alirudi bila kuitwa. "Nataka kuona kama ule mpira umeshika," alimwambia Mwalimu, na Mwalimu akamwacha apite. Mpira ulikuwa umeshika. Lakini ukutani, juu ya bomba, palikuwa na msumari mpya, na kwenye msumari kilining'inia kikombe cha bati cheupe, ukingo wake wa buluu, kimeoshwa, kimeinamishwa ili vumbi lisiingie.

"Hiki kikombe cha nani, Mwalimu?"

"Mambo ya Birago hayo," Mwalimu alisema. "Alinifanya nipige msumari. Sikuuliza."

Akaingia ndani. Dufie akakitungua kikombe. Akakijaza, akanywa chote, akiwa amesimama hapo uani. Akakisuuza, akakirudisha kwenye msumari kama alivyokikuta. Ndani, mkongojo ukagonga mpaka dirishani, ukatulia.

"Yanatosha?" Birago aliuliza.

"Yanatosha, Mama. Ya baridi."

"Haya."

Dufie alisubiri kidogo, mfuko mkononi, pengine ataulizwa amekuja na lipi. Mkongojo ukaanza kugonga tena, kurudi kwenye kiti. Akafunga lango taratibu, akaenda zake.